Mama Mabano na Viungo Vyekundu Tulivyomwachia

"Alama hizo ni lugha ya mtu mmoja. Mtu huyo akiondoka, lugha imekwisha, na hakuna atakayeililia." Hayo aliyaandika Mkuu wa Mifumo katika jarida letu la mwezi uliopita, ukurasa wa tatu, akieleza kwa nini wiki ya idara, zile kurasa zetu za ndani za kompyuta, itahamishiwa kwenye mfumo mpya na kwa nini nafasi ya msimamizi wake haitajazwa. Sentensi mbili, makosa mawili. Nimeombwa kuandika wasifu, sikuombwa kugombana, lakini wasifu wa mama huyu hauwezi kuandikwa bila ugomvi kidogo. Yeye mwenyewe hagombani. Ndiyo sababu tumemfikisha hapa.

Mtu huyo mmoja anastaafu Ijumaa, tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuitumikia idara ya maji. Wengi wetu tunamwita Mama Mabano. Wapo wafanyakazi wapya wasiojua kama ana jina jingine. Madereva wakikuta dirisha halifungi humwambia, "Mama Mabano, hebu liwekee mabano hili," naye hujibu kwamba mabano yanafunga maneno tu, upepo waite seremala.

Aliajiriwa kama mpiga chapa, katika kile chumba cha ghorofa ya chini kilichokuwa na mashine sita na wanawake sita. Waliomkuta wanasema kelele za chumba kile zilisikika hadi langoni. Miaka tisa baadaye kompyuta zikaingia, mashine zikapelekwa stoo, na wale watano wengine wakaolewa mbali, wakahamishwa au wakachoka. Yeye alipelekwa masijala, akakaa na mafaili miaka sita. Kisha ikaja wiki, yaani kurasa za ndani za kompyuta ambazo kila mfanyakazi anaruhusiwa kuzisoma na pia kuziandika. Mkurugenzi wa wakati ule aliuliza kikaoni, "Nani hapa ana vidole vyepesi?" Watu wote wakageuka kumtazama yeye. Huo ndio uteuzi wake, na barua haijaandikwa mpaka leo.

Akapewa chumba namba kumi na nne, mwisho wa korido, kando ya ngazi. Dirisha lake linatazama ukuta wa tangi kubwa, kwa hiyo mchana kutwa anawasha taa. Ndani mna meza, kompyuta, feni ya dari na viti viwili. Cha kwanza ni chake. Cha pili aliomba kwa maandishi, akitaja sababu: "Kwa ajili ya atakayekuja kujifunza."

Siku ya kwanza alikosea kosa ambalo mpiga chapa peke yake angeweza kulikosea. Alifundishwa kwamba aya inaanza kwa nafasi tano, na vidole vyake havikujua kuanza vingine. Lakini katika wiki, mstari ukianza na nafasi hata moja, mashine inaufungia ndani ya sanduku la kijivu na kuuacha urefuke mpaka utoke nje ya ukurasa. Aliandika kurasa tatu, zikatoka masanduku matupu. Akaita fundi wa kompyuta. Fundi akaja, akatazama, akafuta kioo kwa kitambaa, akaondoka. Ilimchukua siku mbili kugundua kwamba tatizo ni adabu aliyofundishwa. Akajizuia nafasi tano, na anasema hilo lilikuwa gumu kuliko kuacha sukari.

Baada ya hapo hakushikika. Alama ya sawasawa mbili kila upande wa maneno, na maneno yanakuwa kichwa cha habari. Ritifaa tatu, ''', kila upande, wino unakolea. Nyota mwanzo wa mstari, unapata orodha. Viwimbi vinne, ~~~~, mashine inaandika jina lako na saa yenyewe. Na mabano mawili ya mraba, [[hivi]], yanafanya neno kuwa kiungo cha kukupeleka kwenye ukurasa mwingine. Kama ukurasa huo upo, kiungo kinakuwa cha buluu. Kama haujaandikwa, kinakuwa chekundu.

Mkuu wa Mifumo anasema katika mfumo mpya hakuna haja ya kujua hayo, kuna vitufe. Ninajua. Nimevitumia. Kitufe cha wino mzito kinakoleza chochote ulichokichagua, hata kama umechagua kwa kuteleza. Mtu anayeandika ritifaa tatu, akafikiri, akaandika tatu nyingine kufunga, ameamua jambo mara mbili. Kurasa elfu moja mia moja na arobaini za wiki yetu zimeamuliwa hivyo, neno kwa neno, na ndiyo maana mtu wa pampu akizisoma huku mikono ina grisi anaelewa lipi ni onyo na lipi ni maelezo. Hilo la kiufundi limekwisha, tuendelee.

Watu wa mifumo wanaviita viungo vyekundu "kurasa zilizokosekana" na wanavihesabu pamoja na makosa. Mama Mabano aliviweka makusudi, na kila kimoja alijua kinamwendea nani. Akiandika kuhusu matangi, akafika mahali ambapo watu wa machujio wanajua zaidi yake, anaweka [[Kuosha mchanga wa chujio]] na kuendelea. Akiandika kuhusu mita, anaweka [[Mita zinazosoma kinyume]] na kuwaachia mafundi wa mita. Rangi nyekundu kwake ilikuwa na maana moja: hapa pana mtu anayejua, nami namsubiri. Mpaka juzi vilikuwepo viungo vyekundu mia mbili na kumi na nne. Amevisubiri miaka kumi na sita.

Kila ukurasa una ukurasa mwenzake wa majadiliano, ambako wasomaji wanaulizana. Nimezisoma nyingi wiki hii. Katika ule wa mita kuna swali: "Nani anajua kwa nini mita za mtaa wa juu zinarudi nyuma Jumapili?" Chini yake viwimbi vinne vimeandika jina la Mama Mabano. Baada ya wiki tatu: "Nimepiga simu kuuliza. Ni hewa ndani ya bomba." Jina lake. Kisha, siku hiyohiyo: "Ahsante." Jina lake tena.

Nilicheka niliposoma hilo. Nikafungua ukurasa wa pili, wa tatu, wa kumi na tisa, na kicheko kikaniishia.

Alianzisha pia darasa: kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, chumba namba kumi na nne. Tangazo limekaa kwenye ubao wa korido miaka yote hii, ametubadilishia karatasi tu inapofifia. Mwezi wa kwanza walikuja kumi na tisa, wakasimama mpaka ngazini. Wa pili, sita. Kufikia mwezi wa tano alibaki mwanafunzi mmoja, fundi mkuu wa pampu, tuliyemwita Babu Pampu, naye hakuficha kwamba amefuata feni. "Nimekuja kupigwa na upepo, mama," alikuwa akisema akikaa. "Wewe endelea kusoma hayo mabano yako, mimi nasikia."

Lakini alisikia kweli. Aliwahi kujifunza kuchapa stoo, kwa vidole viwili, na naye akawa anaanza kila aya kwa nafasi tano. Mama Mabano alimweleza habari ya sanduku. Akakataa katakata. "Aya isiyo na nafasi," alisema, "ni mtu ameingia ndani bila hodi." Walibishana Jumanne nyingi juu ya hilo. Waliopita koridoni walidhani mle ndani kuna kikao.

Mwaka wa sita wa wiki, Babu Pampu aliandika mstari wake wa kwanza na wa mwisho, katika ukurasa wa pampu namba mbili ya kituo cha nne. Kitabu cha mtengenezaji kinasema vali ya pampu ile ifunguliwe kwa kuzungusha gurudumu mara nane. Babu Pampu alijua kwamba vali iliwahi kuharibika na kutengenezwa kwa kipande kilichochongwa karakana yetu wenyewe, na uzi wa kipande hicho, ile mikato ya kuzungushia, ni mfupi. Akaandika, kwa nafasi tano, na mstari ukatokea ndani ya sanduku la kijivu:

     Mara saba basi. Ya nane ni kujitafutia balaa.

Ofisi ya uhandisi ilituma barua pepe baada ya siku tatu. Katika kurasa za idara yatakaa maelezo ya mtengenezaji tu. Mstari uondolewe. Mama Mabano aliandika barua kueleza habari ya kipande kilichochongwa. Hakujibiwa. Akaandika ya pili. Akajibiwa kwamba suala limefungwa.

Hapo alifanya jambo ambalo mimi, mtu wa kupayuka, nisingeliwaza kamwe. Katika lugha hii ya alama ipo pia alama ya kuficha. Ukiiweka mbele ya maneno, kisha ukafunga nyuma, maneno hayaonekani kwa msomaji. Lakini hayajafutwa, yapo palepale, na yeyote anayebonyeza Hariri anayakuta. Akaufunika mstari wa Babu Pampu kwa alama hiyo, pamoja na nafasi zake tano. Sanduku likatoka machoni pa wahandisi, wakaridhika. Kwa mtu yeyote ambaye angefungua ukurasa ule ili auandike, ilani ilikuwa inamsubiri.

Hakuna aliyeufungua. Babu Pampu alifariki miaka miwili baadaye. Mwezi wa tatu mwaka huu fundi mpya wa kituo cha nne, kijana makini asiye na kosa lolote, alisoma ukurasa wetu kama tulivyomwagiza, akazungusha mara nane, na uzi ukakatika mkononi mwake. Mtaa wa juu wote ulikaa siku mbili bila maji. Iliundwa kamati. Mimi ni mkuu wa maabara, nilikuwa mjumbe. Tuliandika ripoti ya kurasa ishirini na saba, na hitimisho letu lilikuwa kwamba "taarifa hazikuwepo".

Nilipoombwa kuandika wasifu huu nilikwenda kwenye wiki kutafuta tarehe. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita nikabonyeza Hariri, nikiwa katika ukurasa wa pampu namba mbili, na taarifa zikawepo.

Nilikaa nikifungua kurasa siku nne. Kuna maelezo yaliyofichwa mia sita na kumi na mawili. Mengi ni ya kazi, ya aina ileile: kufuli la kituo cha kwanza linataka ufunguo uinuliwe kidogo, kipimo cha tangi la pili kinadanganya kukiwa na joto. Yote ameambiwa na mtu fulani kwa simu au mlangoni, yote yalikataliwa au hayakuulizwa. Halafu, jinsi miaka inavyopita na jinsi anavyozoea kwamba hakuna anayefungua, maelezo yanaanza kuwa na mengine ndani yake.

Mume wake alikuwa mpima ardhi. Alifariki mwaka wa nane wa wiki, watoto wao wawili wakiwa tayari na maisha yao mbali. Tulichanga, tukaenda, tukarudi. Siku ya tano yeye alikuwa kazini. Siku hiyo alihariri ukurasa wa klorini, na ndani yake kuna haya: "Leo nimerudi. Nyumba imekuwa kubwa. Wewe unayesoma, hatua ya tano usiiruke hata wakikuharakisha." Katika ukurasa wa ratiba za likizo: "Nimerudi mapema, siku tatu kabla. Kule kwa watoto kila mtu yuko kazini, nilikuwa naangalia mapazia." Na katika ukurasa wa mwongozo wa darasa, mwaka ambao Babu Pampu alifariki: "Jumanne. Nimesoma kwa sauti kama kawaida. Feni ilikuwa inazunguka."

Alilisoma darasa hilo kwa sauti. Kila Jumanne ya kwanza, kuanzia saa nne mpaka saa tano, mbele ya kiti. Mimi maabara yangu iko ghorofa ya juu yake. Nilikuwa nasikia sauti kupitia ngazi na nilidhani anaongea na simu.

Nilikwenda kumwomba ruhusa ya kunukuu, nikijiandaa kukataliwa. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yananyweka. "Baba, niliyaandika yasomwe," alisema. "Sikuvunja siri ya mtu. Aliyetaka angebonyeza tu Hariri, mlango wenyewe hauna kufuli." Nikamuuliza kwa nini basi hakutuambia. Akasema alituambia, tangazo liko ubaoni.

Sasa nirudi kwa Mkuu wa Mifumo, ambaye ni mtu mwema na anajua nampenda. Jaribio la kuhamisha kurasa lilifanyika mwezi uliopita na lilichukua dakika tatu, kama alivyojisifu. Nimeisoma taarifa ya jaribio. Inasema: "Maandishi yasiyoonekana: yameondolewa. Viungo visivyo na kurasa: vimesafishwa. Nafasi za ziada mwanzo wa mistari: zimesafishwa." Lisome neno hilo tena, vimesafishwa. Idara ya maji, ambayo kusafisha ndiyo kazi yake, imechukua sauti ya Babu Pampu, mambo mia mbili na kumi na manne ambayo mama huyu alitusubiri tuyaseme, na miaka minane ya ujane wake, ikaviita uchafu. Uhamisho wenyewe utafanyika Jumatatu baada ya yeye kuondoka. Baada ya hapo pampu namba mbili itarudi kuzungushwa mara nane kwa amani.

Na ile sentensi ya kwanza, kwamba hii ni lugha ya mtu mmoja: hakuna lugha ya mtu mmoja. Ipo lugha ambayo watu mia tatu walialikwa kuizungumza, wakamwachia mmoja. Katika hao mia tatu mimi nimo. Kiungo chekundu chenye jina [[Harufu ya maji baada ya mvua ya kwanza]] kiliwekwa mwaka wa pili wa wiki na kilikuwa changu, hakuna mwingine jengo hili angeweza kukijibu. Mwaka wa pili nilikuwa na shughuli. Mwaka wa tatu pia.

Jumatano iliyopita nimekijibu. Niliandika aya nne, nikabonyeza Hifadhi, na aya zote nne zikatoka ndani ya masanduku ya kijivu, kwa sababu na mimi nilifundishwa kuchapa zamani, na vidole vyangu vilianza kwa nafasi tano bila kuniuliza. Dakika mbili hazikupita, simu ya mezani ikalia.

"Baba Maabara," alisema Mama Mabano, "umepiga hodi."

Nikamwambia nakuja kuziondoa.

"Usiondoe," akasema. Nilisikia feni. "Ila hukuweka viwimbi. Mtu akiandika na asiweke jina, mimi nitajuaje kama si mimi?"

Tunamshukuru kwa miaka thelathini na mmoja. Tunamshukuru kwa mwongozo wa mafuriko uliosomwa kwa simu ya upepo vituo vyote sita mwaka ule barabara zilipokatika, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza umeandikwa na nani. Tunamshukuru kwa kumkataza mkurugenzi aliyepita asikoleze jina lake kwa ritifaa. Huko uendako, mama, tunakuombea nyumba isiwe kubwa kupita kiasi, watoto wapige simu hata siku isiyo Jumapili, na ukiuliza jambo, awepo wa kukujibu.

Na ninyi wakuu wa vituo sita, na wewe Mkuu wa Mifumo, haya yanawahusu kwa jina la cheo. Sherehe ya kuaga ni tarehe thelathini, mtakuja kwa sababu kuna soda. Siulizi habari za sherehe. Jumanne hii, tarehe sita, ni Jumanne ya kwanza ya mwezi, na ni darasa lake la mwisho. Mkuu wa Mifumo, uje na tarehe mpya ya uhamisho, iliyo mbele kiasi cha kutosha kusoma maelezo mia sita na kumi na mawili. Wakuu wa vituo, kila mmoja aje akiwa amejibu kiungo chekundu kimoja cha kituo chake, kwa nafasi tano au bila nafasi, na viwimbi vinne mwishoni. Kituo cha nne, wewe utaanza na pampu namba mbili: utaondoa alama ya kuficha, mbele ya Mama Mabano, kwa mkono wako. Saa nne asubuhi, chumba namba kumi na nne, mwisho wa korido. Kiti kwa ajili ya atakayekuja kujifunza kiko kimoja tu, na mimi nitakuwa nimeshakikalia. Njoni na viti vyenu.